Mama Anauliza: Sigara, Chicha na Moshi wa Mbabula

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu moshi au tumbako, na karibu kila moja inamalizia kwa ombi lilelile: msiandike jina langu. Hatuandiki. Ila nasi tunaomba kitu: hayo unayotuandikia sisi, mwambie pia muuguzi anayekupa dawa. Hapa Goma mwanamke akionekana na sigara mkononi huitwa majina mabaya, basi anavutia chooni au nyuma ya nyumba, na akifika kituo cha afya anajibu "sivuti". Muuguzi anampa dawa ya mtu asiyevuta. Madhara mengi utakayoyasoma hapa chini yanaanzia kwenye jibu hilo.

Nina miaka 37 na watoto watano. Kwa miaka minne sasa natumia kidonge cha kupanga uzazi, nakinunua farmasi. Navuta sigara sita, siku nyingine nane, usiku watoto wakishalala. Farmasi hawajawahi kuniuliza habari ya sigara. Vinapatana? — Mama wa Katindo

Havipatani, Mama, na jambo hili halifai kungoja. Chukua pakiti yako usome maandishi madogo. Ukiona neno *éthinylestradiol*, ujue kidonge chako kina homoni mbili na mojawapo ni estrojeni. Microgynon, kwa mfano, ni ya kundi hilo: kila kidonge cha dawa kina mikrogramu 30 za estrojeni. (Vile saba vya kahawia vya mwisho wa pakiti, kama vipo, ni madini ya chuma tu.)

Estrojeni hulifanya ini litoe kwa wingi vitu vinavyogandisha damu. Moshi wa sigara nao huharibu utando wa ndani wa mishipa, na nikotini hupandisha tension (shinikizo la damu) na kuuendesha moyo mbio. Msichana wa miaka 22 mishipa yake bado ni laini, mara nyingi anavumilia. Kuanzia miaka 35 hali inabadilika, na hivyo viwili vikikutana hatari ya damu kuganda moyoni au kwenye ubongo inapanda sana. Ndiyo maana mwongozo wa OMS (Shirika la Afya Duniani) umegawa hivi: mwenye miaka 35 au zaidi anayevuta chini ya sigara 15 kwa siku, kwa kawaida asipewe kidonge cha homoni mbili, anayefikisha 15, asipewe kabisa. Wewe uko katika kundi la kwanza, na sigara zikiongezeka utaingia la pili.

Usiache kidonge leo ukabaki bila kinga, maana mimba usiyoitarajia nayo ina hatari zake. Nenda kituo cha afya wiki hii na pakiti mkononi, taja idadi ya sigara zako bila kuipunguza, uombe wakupime tension. Njia zisizo na estrojeni zinaruhusiwa kwa mvutaji wa umri wowote: kijiti cha mkononi, sindano ya miezi mitatu, kitanzi cha shaba kinachokaa miaka 10 au zaidi, au kidonge cha homoni moja kama Microlut. Kama umekuwa ukimeza chako kila siku bila kuruka, wanakubadilishia siku hiyohiyo, hakuna haja ya kungoja hedhi. Microlut inadai saa: ukichelewa zaidi ya saa tatu kinga inapungua, na kwa mama wa watoto watano hilo ni gumu. Sisi tungekuelekeza kwenye kijiti au kitanzi. Sindano haikatazwi, lakini inapunguza kidogo ugumu wa mifupa kwa muda wote unaoitumia, na sigara inafanya vilevile. Wanawake wanaovuta hukoma hedhi mwaka mmoja hadi miwili kabla ya wenzao, na hedhi ikikoma mfupa unapoteza mlinzi wake.

Kabla hujabadilisha, ukisikia maumivu makali ya kifua, pumzi ikakukata, mguu mmoja ukavimba na kuuma nyuma chini ya goti, kichwa kikakupasua ghafla kuliko ulivyozoea, macho yakafifia au mdomo ukapinda, acha kidonge papo hapo uende hospitali. Usipitie farmasi kwanza.

Nina mimba ya miezi mitano. Nilikuwa navuta sigara kumi, sasa nimefika tatu. Mama mkwe anasema mtoto wa mvutaji huwa mdogo na kuzaa kunakuwa rahisi. Ni kweli? Na je, nimechelewa kuacha? — Mama wa Ndosho

Kweli ni nusu yake tu. Mtoto huwa mdogo, kwa wastani gramu 200 hivi pungufu. Lakini hakuwa mdogo ili akurahisishie. Amekosa hewa na chakula. Ndani ya moshi mna gesi iitwayo kaboni monoksidi, inayoshika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inavuka kondo la nyuma, na damu ya mtoto inaishikilia kuliko hata damu yako. Nikotini nayo inabana mishipa inayompelekea chakula. Mtoto wa namna hiyo akizaliwa anapoteza joto haraka (na usiku wa Goma mnaujua), sukari yake inashuka, ananyonya kwa uvivu, anashikwa na magonjwa upesi. Tena wengi huzaliwa kabla ya wakati. Uchungu utakuwa uleule, Mama. Kitakachopungua ni nguvu za mtoto.

Hujachelewa. Wanaoacha kabla ya wiki ya 15 hujifungua karibu sawa na wasiovuta. Wewe umepita hapo, lakini sehemu kubwa ya uzito wa mtoto inaongezeka katika miezi mitatu ya mwisho, na hiyo bado iko mbele yako. Ukiacha asubuhi hii, kaboni monoksidi katika damu yako inapungua kwa nusu kila baada ya saa nne au tano. Kufika kesho kutwa karibu yote imetoka.

Umefanya kazi kubwa kutoka kumi hadi tatu, ila usitulie hapo. Anayepunguza huvuta kila moja kwa pumzi ndefu zaidi, mpaka karibu na kichungi, na gesi inayoingia haipungui kama hesabu inavyopungua. Chagua siku ndani ya wiki hii iwe ya mwisho kwa zote tatu. Vidonge vya kuachia sigara, bupropion na varenicline, usitumie ukiwa na mimba. Chingamu au kibandiko cha nikotini daktari anaweza kukuruhusu ukishindwa kabisa bila msaada, na kibandiko kinatolewa wakati wa kulala.

Kwenye CPN (kliniki ya wajawazito) waambie waziwazi. Tangu 2016 OMS inashauri kila mjamzito aonwe mara nane na aulizwe habari ya tumbako kila mara. Wasipouliza, anza wewe. Meza chuma na asidi ya foliki kila siku na lala ndani ya chandarua, maana malaria ikikupunguzia damu na gesi ikashika ile iliyobaki, mtoto anapunguziwa mara mbili. Damu ikitoka, hata kidogo na bila maumivu, au tumbo likikaza kama ubao na kuuma bila kuachia, nenda maternité saa hiyohiyo: kondo kujishikiza mahali pabaya au kubanduka mapema huwapata zaidi wanaovuta.

Mimi sivuti, ni bwana yangu. Anavutia mlangoni. Nyumba yetu ni ya mbao, vyumba viwili, na mvua ikinyesha napikia ndani kwa makala (makaa). Kichwa kinaniuma karibu kila jioni, watoto nao. Nimetumia dawa za malaria mara mbili. — Mama wa Majengo

Tuanze na hicho kichwa, kwa sababu kinatutia wasiwasi kuliko sigara. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, jioni, wakati mbabula (jiko la makala) iko ndani, na wakitoka nje wanapata nafuu, fikiria kwanza kaboni monoksidi, ileile ya sigara. Kizunguzungu na kichefuchefu hufuata. Wengi hudanganywa na makala yaliyokolea: moshi umekwisha, yamekuwa mekundu, basi wanaona sasa ni salama kuyaingiza ndani. Hapo ndipo pa hatari. Gesi hii haina harufu wala rangi, na makala mekundu yanaitoa mpaka yawe majivu.

Wengine huichanganya na mazuku. Mazuku ni gesi nyingine, kaboni dioksidi, inatoka ardhini na ni nzito, inalala mabondeni na kwenye mashimo, ndiyo maana mbuzi na mtoto huanguka kabla ya mtu mzima. Ya mbabula inachanganyika na hewa yote ya chumba. Kulala kitanda cha juu hakukuokoi.

Pika chini ya baraza au kwenye bati la nje lenye upande mmoja wazi. Mvua ikikulazimisha kuingia, fungua mlango na dirisha la upande wa pili ili hewa ipite moja kwa moja. Mlango peke yake hautoshi. Maharage yaloweke tangu usiku, umwage maji yale, ufunike sufuria: makala yatapungua sana, na pesa pia. Mbabula isilale ndani hata ikiwa na majivu tu juu yake, kwani chini bado yanawaka. Siku mtu akilegea au kupoteza fahamu, mtoe nje kwanza, kisha hospitali yenye oksijeni. Mjamzito apelekwe hata akijisikia amepona, kwa sababu mtoto tumboni anachelewa kuitoa gesi hiyo.

Kwa Baba: mlangoni ni ndani. Moshi unarudi, na chembe zake zinabaki kwenye pazia, godoro na liputa ya kumbebea mtoto. Avutie mbali na mlango na madirisha, na kabla ya kumpakata mtoto anawe mikono na kubadilisha shati. Mwambie hivyo wakati ametulia. Mwambie ni kwa ajili ya kifua cha watoto, usimwambie kwamba ananuka.

Mimi na wenzangu wa chuo tunavuta chicha (shisha) wikendi, siyo sigara. Inapita kwenye maji, ina ladha ya tofaa. Kuna shida? Hedhi yangu inauma sana siku hizi. — Dada wa Himbi

Maji yanapoza moshi, hayauchuji. Kwa kuwa umepoa, unavuta pumzi ndefu bila kukohoa. OMS inaeleza kwamba kikao kimoja cha saa nzima kinaweza kukuingizia moshi wa ujazo mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Juu ya hapo kuna makala yanayowaka juu ya kichwa cha chicha, ambayo ni mbabula ndogo iliyo karibu na pua yako. Kizunguzungu mnachokiita "kupanda" mara nyingi ni kaboni monoksidi. Ladha ya tofaa haiondoi nikotini. Majirani wa Rwanda waliipiga marufuku Desemba 2017. Na mrija ule unaozunguka mdomo kwa mdomo unapitisha vidonda vya midomo na vijidudu vya kifua.

Maumivu ya hedhi huwasumbua zaidi wanaovuta, lakini usiyaweke yote kwenye chicha: yakiongezeka mwezi hadi mwezi, yaonwe na mkunga. Jambo moja zaidi ambalo wasichana hawaambiwi. Ndani ya mirija ya uzazi kuna nywele ndogo sana zinazosukuma yai kuelekea kwenye kizazi, na moshi wa tumbako unazilegeza. Yai likikwama, mimba inatunga nje ya kizazi. Hedhi ikichelewa, kisha upande mmoja wa tumbo ukauma vikali, au bega likauma na ukahisi kuzimia, ni hospitali usiku huohuo.

Rafiki alinipa tumbako ya kunusa niweke ukeni, eti inabana na bwana anapenda. Inachoma sana. Niendelee? — Jina limefichwa, Birere

Hapana, Dada. Iache leo. Tumbako ya unga mara nyingi huchanganywa na majivu au magadi ili iwe kali, na huo ukali ndio unaochoma. Uke una asidi yake ya asili inayoulinda; unga huo unaivunja, unakausha na kuchubua ngozi. Unachohisi kama kubana ni uvimbe na ukavu, na kwenye michubuko VVU hupita kwa urahisi, kwako na kwake. Nikotini pia inaingia kwenye damu kupitia hapo, kwa hiyo unaweza kupata uraibu bila kuvuta hata mara moja. Osha nje kwa maji matupu, usiingize sabuni wala limau ndani. Usikutane na bwana mpaka pamepona. Harufu, usaha au kidonda kikibaki, nenda upimwe.

Nimejaribu kuacha mara nyingi. Siku ya tatu nawapigia watoto kelele, silali, narudia. Navuta kama 12, ya kwanza nikiamka tu. Nilianza wakati wa vita ili nipate usingizi. Nifanye nini cha tofauti? — Mama wa Mugunga

Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, Mama, kwa sababu nikotini inatoka mwilini upesi, na kwa wanawake upesi zaidi kuliko kwa wanaume. Huna moyo mbaya. Ubongo wako unadai kile ulichouzoesha. Ukivuka wiki ya kwanza kunapungua, na baada ya wiki mbili hadi nne hasira na kukosa usingizi vinaisha. Hamu yenyewe ikija, inakaa dakika chache tu.

Wiki moja kabla ya siku uliyochagua, andika kila sigara kwenye karatasi: saa, mahali, ulikuwa unafanya nini. Utaona kwamba tatu au nne tu ndizo unazozihitaji kweli, nyingine zinafuata chai, foleni ya maji, ugomvi. Hizo zinazofuata kitu, badilisha kitu chenyewe. Asubuhi kabla ya kuamka kabisa, kunywa maji na utoke nje ukaoge au ukafagie, maana ile ya kwanza ndiyo inayokufunga siku nzima. Usinunue moja moja kwa muuzaji wa njiani, badilisha njia. Mwambie mtu mmoja tu unayemwamini, umtume ujumbe hamu ikikubana.

Kahawa ipunguze nusu tangu siku ya kwanza. Hili wengi hawalijui: moshi wa sigara unalifanya ini liyeyushe kafeini haraka. Ukiacha, vikombe vilevile vinakaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia, nawe unadhani ni kukosa sigara. Huenda hasira zako za siku ya tatu kwa sehemu zilitoka kwenye kikombe.

Dawa zipo, ingawa si kila farmasi inazo. Kwa kuwa unavuta ya kwanza ukiamka, chingamu yako ni ya miligramu 4, siyo 2. Kosa la kawaida ni kuitafuna kama chingamu ya duka: nikotini inamezwa, tumbo linachafuka, unaitupa. Itafune polepole mpaka usikie ukali kama wa pilipili, uiegeshe kati ya shavu na fizi, ukali ukiisha utafune tena, hivyo kwa nusu saa. Dakika 15 kabla usinywe kahawa wala soda, asidi yake inazuia nikotini kupita mdomoni. Kosa la pili ni kutumia chache: wiki sita za kwanza ni moja kila saa moja au mbili. Kibandiko, kwa anayezidi sigara kumi, ni miligramu 21 kwa wiki sita, halafu 14 kwa wiki mbili, halafu 7 kwa wiki mbili, na kila siku ubandike mahali papya. Vidonge vya bupropion havimfai mwenye kifafa.

Utanenepa kidogo, kilo nne au tano katika mwaka wa kwanza ni kawaida. Weka karoti au kipande cha muwa karibu badala ya mandazi. Ukianguka na sigara moja, ihesabu kuwa moja, isigeuke pakiti.

Kuhusu usingizi na vita: sigara haikulazi, inatuliza hamu iliyoiamsha yenyewe. Yale unayoyaona usiku yana wahudumu wake. Uliza kituo cha afya mshauri wa kisaikolojia, na umwone kabla ya siku ya kuacha, kwa sababu huzuni ya zamani huweza kupanda siku hizo.

Nanyonyesha na bado navuta. Nimwachishe mtoto? — Mama wa Virunga

Usimwachishe. Maziwa yako, hata ukivuta, ni bora kuliko ya kopo. Nikotini inafika kwenye maziwa lakini inapungua kwa nusu kila baada ya saa moja na nusu au mbili, kwa hiyo mnyonyeshe kwanza, halafu kama lazima uvute, uvute nje, na uchelewe kadiri uwezavyo kabla ya zamu inayofuata. Uvutaji hupunguza maziwa. Ukiona hayatoshi, sababu inaweza kuwa hiyo. Usilale naye kitanda kimoja: vifo vya ghafla vya watoto usingizini ni vingi zaidi kwa mama anayevuta.

Nitafanyiwa operesheni ya fistula mwezi ujao. Sigara ina neno? — Jina limefichwa

Ina neno kubwa. Nikotini inabana mishipa midogo inayoleta damu kwenye mshono, na mshono usio na damu haufungi. Acha angalau wiki nne kabla, na usirudie mpaka kidonda kipone. Iwe utapasuliwa HEAL Africa hapa Goma au Panzi kule Bukavu, mwambie daktari wa upasuaji na yule wa usingizi kwamba unavuta. Anayekulaza anabadilisha mipango yake kwa habari hiyo.

Ninaishi na VVU, nameza dawa vizuri. Nimesikia sigara inaleta kansa ya kizazi. Nipimwe lini? — Mama wa Keshero

Kansa ya mlango wa kizazi inaletwa na kirusi kiitwacho HPV. Wanawake wengi hukipata, na mwili wa wengi hukifukuza. Sigara inamfungia mlinzi mikono: kemikali zake zimeonekana hata kwenye ute wa mlango wa kizazi, na kirusi kinakaa. Mwenye VVU tayari ana hatari mara sita ya mwenzake, kwa hiyo wewe usingoje dalili. OMS inashauri mwenye VVU aanze kupimwa akiwa na miaka 25, wengine 30, na kwa kipimo cha siki urudie kila miaka mitatu. Unalala kama kwenye CPN, mkunga anapaka asidi ya asetiki iliyozimuliwa, anangoja dakika moja, anatazama kama kuna doa jeupe. Likiwepo dogo, mara nyingi linatibiwa kwa kugandishwa siku hiyohiyo. Nenda siku usizo na hedhi, siku mbili kabla usiweke dawa wala chochote ukeni, na vaa sketi, utavuliwa nguo chache.